Nilipiga Mwano Ili Lufunga Naye Aonje

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, mjane, na nina mtoto mmoja anayeitwa Shija. Naishi Mpanda, jirani na makazi ya Warundi waliokuja zamani, na maisha yangu ni jembe na mihogo. Siandiki ili mnionee huruma, wasomaji wenzangu. Huruma zimenichosha! Naandika kwa sababu kuna mwanaume mmoja ambaye mpaka leo anakula, analala na kuamka salama, wakati mume wangu yuko udongoni...

Mwanaume huyo nitamwita Lufunga. Siyo jina lake, na kijiji chenyewe sitakitaja, ila ni upande wa Kakese. Kusoma anajua. Akiliona gazeti hili atajijua mwenyewe.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini mimi na mume wangu Masele tulikuwa vijana wapya katika ndoa. Wazazi wetu walihamia Mpanda na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, wakifuata majani na maji. Masele alikuwa kijana mpole mno. Nilikuwa namtania kwamba hata kuku akiingia ndani anamwomba atoke. Hakuwahi kuiba hata hindi la kuchoma!

Lufunga alikuwa rafiki yake wa damu. Walichunga pamoja tangu utotoni, wakala kiporo kwenye kibuyu kimoja, na siku ya mahari yangu Lufunga ndiye aliyeswaga ng'ombe mpaka kwa baba. Aliniita shemeji, nami nilimpakulia kama ndugu wa nyumba. Kikulacho ki nguoni mwako... Wahenga waliona mbali.

Kijijini tulikuwa na sungusungu, na Lufunga alichaguliwa kuwa kamanda wao kwa sababu moja tu: alijua kusoma nyayo. Angeinama mahali penye vumbi akakwambia ng'ombe wangapi wamepita, yupi anachechemea, na kama waliswagwa ama walikwenda wenyewe. Alichosema Lufunga hakuna aliyebisha.

Kwa ambao hamjui mambo yetu, niwaeleze kidogo. Ng'ombe akiibwa, mwenye mali anapiga mwano, yaani yowe. Anayelisikia analipokea na kulipeleka mbele, na kila mwanaume anatoka na fimbo au mishale. Ukibaki ndani unatozwa mbuzi. Hakuna anayeuliza nani amepiga wala kwa nini, kwanza unakimbia! Halafu nyayo zinafuatwa. Zikiingia kwako, ni juu yako kuonyesha zilipotokea. Ukishindwa, mwizi ni wewe.

Sheria nzuri, au siyo? Hata mimi niliisifu, mpaka ilipobisha hodi kwangu.

Asubuhi moja ya kiangazi mwano ulilia kutoka kwa Mzee Gamaya, mtu mwenye ng'ombe wengi kuliko wote kijijini na mwenye hasira kuliko wote. Maksai wake wawili wa kulimia hawakuwepo. Masele alichukua fimbo yake akakimbia na wenzake. Nyayo ziliteremka mpaka kijitoni, na pale zikachanganyika na za mifugo yote inayokunywa maji. Wanaume walizunguka, wakakuna vichwa. Lufunga akavuka ng'ambo peke yake, akainama, akatembea taratibu... Kisha akarudi upande wa kijiji, akanyoosha fimbo kuelekea nyumbani kwetu.

"Zimepanda huku," alisema.

Uani kwetu kulikuwa na nyayo za ng'ombe. Zingekosaje? Tulikuwa na ng'ombe! Lakini Masele aliambiwa aonyeshe zilipotokea za maksai wa Gamaya, na maskini hakuwa na la kuonyesha. Walimfunga kamba mikono nyuma na kumchapa mbele yangu. Sitaeleza zaidi. Lufunga alisimama pembeni akimwambia kwa sauti ya upole, "Ndugu yangu, sema tu yaishe." Nasikia sauti ile mpaka leo!

Walipochoka wakampeleka polisi mjini, na kutoka hapo akaingia mahabusu.

Ng'ombe wetu wakachukuliwa kumfidia Gamaya. Halafu ikaja adhabu iliyonichoma kuliko zote: tukatengwa. Mjue maana ya kutengwa, ndugu zangu. Hakuna kusalimiwa. Hakuna kupewa moto, wala chumvi, wala kusaidiwa kulima. Kisimani nilisubiri wanawake wote wachote ndipo nisogee. Nikiuliza swali, macho yanatazama kando kana kwamba nimekwisha kufa. Atakayeonekana ananijibu analipa ng'ombe. Rafiki zangu niliosukana nao nywele walinipita njiani kama wanapita kisiki!

Aliyenishika mkono ni Mama Esperansi, mama wa Kirundi aliyelima maharage ng'ambo ya kijito. Yeye hakuwa chini ya sungusungu wetu. Alikuja na kijinga cha moto mkononi, akaniambia, "Mama Shija, kamata. Mimi hao wanaume wenu hawanitozi kitu." Mungu ambariki mama yule. Wengine wote siwaombei.

Mvua ilinyesha ikakatika, ikanyesha tena, na Masele bado yuko ndani. Nilikuwa natembea mpaka mjini na Shija mgongoni nikimpelekea ugali. Siku moja aliniinamia akaninong'oneza jambo. Ndani alikutana na muuza nyama mmoja aliyeshikwa kwa ng'ombe wengine wa wizi. Katika kuhadithiana, muuza nyama akamwambia kwamba wale maksai wa Gamaya, mmoja mwenye pembe iliyovunjika, aliwanunua yeye. Na aliyemuuzia ni Ndaki.

Ndaki! Mdogo wake Lufunga, tumbo moja!

Kumbe Lufunga alipovuka kijito aliona vizuri kabisa nyayo zinaelekea kwa nani. Alizisoma, akazijua, akazigeuza na kuzileta kwa rafiki yake. Kwa nini sisi? Nimejiuliza mara ngapi? Nadhani ni kwa sababu tulikuwa karibu na kijito, na kwa sababu alijua Masele hatapigana.

Mtasema, kwa nini hamkusema? Tungemwambia nani? Muuza nyama hakuwa tayari kutamka maneno yale mbele ya mkubwa yeyote, angejifunga mwenyewe. Na mimi niliyetengwa, nani angenisikiliza?

Mwishowe Masele aliachiwa kwa kukosa ushahidi. Nilicheka kwa furaha, nikafagia uwanja, nikachinja kuku wa mwisho... Aliyerudi hakuwa Masele wangu. Alikula haraka huku ameficha sahani kwa mkono. Alikaa ameuelekea mlango. Gari likinguruma barabarani alikuwa amekwisha simama. Shija alilia kidogo tu, akamzaba kofi. Yeye ambaye zamani hakuweza kumkaripia mbuzi!

Hata hivyo alijaribu. Nasema kwa Mungu, alijaribu! Alishika jembe, akalima mpunga, hakunywa pombe. Lakini kutengwa hakukuondolewa, kwa sababu Lufunga alisema polisi wamemwachia kwa huruma, siyo kwa haki. Kisha mbuzi wakapotea Magamba, mbali na kwetu. Walikuja kumchukua nani? Masele. Walimkuta yumo shambani na matope mpaka magotini. Alilala ndani siku kadhaa, akapigwa, akaachiwa. Baadaye ikapotea baiskeli ya mtu. Walikuja tena moja kwa moja kwetu bila hata kuuliza njia. Wakampiga, wakamwachia.

Mara hiyo ya tatu alirudi na jicho moja limevimba. Alikaa kwenye kigoda, akausogeza ugali pembeni. Kisha akaniambia, "Mama Shija, kipigo cha asiyeiba na cha anayeiba ni kile kile. Tofauti ni kwamba anayeiba anarudi na nyama."

Haukupita muda akaja na nyama.

Nilijua imetoka wapi. Na nilikula, wasomaji... Nilikula na kumpa mtoto, nikasema ni tamu! Tulikuwa na njaa, na rohoni nilisema wacha wapungukiwe. Si wao walimwita mwizi kabla hajaiba? Masele alijifunza kila kitu kule ndani: namna ya kumtuliza ng'ombe asilie, namna ya kupita majini, namna ya kuwapitisha ng'ombe wengine nyuma wavuruge nyayo. Mkulima aliingia mahabusu, wakatuletea fundi wa wizi. Nyie mnaosema mwizi huzaliwa mwizi, njooni niwaonyeshe alipozaliwa wa kwangu.

Mimi je? Mimi hasira yangu haikuwa ya nyama. Nilimtaka Lufunga. Alikuwa akipita mbele ya nyumba yangu na baiskeli mpya, anapiga kengele kwa makusudi, na watu wanasimama na kumwamkia kamanda. Kila kengele ilinizidishia sumu. Nilitaka aonje. Sikutaka afe, hapana, kufa ni rahisi. Nilitaka achapwe na kamba zile zile. Nilitaka atengwe, asimame kisimani na kiu, aulize asijibiwe!

Siku moja nilimwambia Masele kwamba kuna siku Lufunga atalipa. Alijibu, "Lufunga niachie mimi." Sikumwamini. Nilidhani mahabusu imemvunja na kwamba amebaki kuwavizia wanyonge. Basi nikakata shauri langu peke yangu, nikanyamaza. Na yeye akanyamaza na lake... Laiti mmoja wetu angefungua mdomo!

Siku ya mnada ilifika. Mnada ulikuwa ng'ambo ya kijito, na siku hiyo watu wote huenda, wengine kuuza, wengine kunywa tu. Asubuhi Masele aliniaga kwamba anakwenda kutafuta kibarua cha kupakia ng'ombe. Nilifurahi aondoke. Lufunga alikwenda, wake zake wakaenda na mabakuli ya kuuzia uji, mji wake ukabaki mtupu. Zizini mwake walibaki maksai wake tu wa mkokoteni.

Mahindi yalikwisha vunwa, na ng'ombe wa Gamaya walikuwa wakila mabua karibu na kwangu. Mchungaji wao alikuwa ameteleza kwenda kwenye pombe. Nilichukua magadi kwenye kiganja. Ng'ombe hajui kama umetengwa, magadi anayafuata! Nilimvuta jike moja jekundu, ndama wake akamfuata, nikawapitisha kwenye vumbi mahali ambapo hata kipofu angeona nyayo, mpaka zizini kwa Lufunga. Nikaondoa magogo ya mlangoni, nikawaingiza kwa wale maksai, nikarudisha magogo. Nyayo zangu nilizifagia kwa tawi. Masele aliwahi kunisimulia namna ya kufanya hivyo.

Jua lilikuwa utosini. Nilirudi, nikapanda juu ya kichuguu, nikavuta pumzi, nikapiga mwano.

Jamani! Kwa muda wote ule hakuna aliyekuwa amejibu sauti yangu. Sasa ilijibiwa na bonde zima! Mmoja aliipokea kijitoni, mwingine mashambani, ikafika mnadani. Wanaume walikuja mbio na fimbo na mishale, wengine na pombe bado midomoni. Walipoona ni mimi walisita, lakini mchungaji wa Gamaya naye alikuwa amerudi akipiga kelele kwamba jike jekundu halipo. Basi. Kwa Gamaya tena! Mzee akaapa kwamba safari hii hataki fidia, anataka mwizi.

Na nani akaongoza kusoma nyayo? Lufunga mwenyewe.

Nilitembea nyuma yao. Niliangalia mgongo wake tu. Aliinama, akaenda, akainama... Kisha mwendo ukaanza kupungua. Alitazama mbele, akaliona paa lake mwenyewe. Alijaribu kupinda kushoto. Gamaya akamwuliza unakwenda wapi na nyayo hizi hapa, hata mimi mzee naziona? Nililiona jasho shingoni mwake! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Wasomaji wangu, sikuwahi kuwa na furaha kama ile, hata siku ya harusi yangu.

Tulifika. Wanaume wakalizunguka zizi. Lufunga alikuwa amekuwa wa majivu, midomo inacheza, anasema hajui, anaapa kwa baba yake. Wakayafuata magogo ya mlangoni.

Yalikuwa yameondolewa.

Ndani ya zizi alisimama Masele, kamba mkononi, amekwisha wafunga maksai wawili wa Lufunga.

Maksai kwa maksai! Hilo ndilo lilikuwa shauri lake. Naye alichagua siku ya mnada, naye alijua mji uko mtupu. Hakwenda kutafuta kibarua. Wakati mimi niko juu ya kichuguu, yeye alikuwa akipita vichakani kwenda kulipiza kisasi chake, na mwano alipousikia nadhani alijua wote watakimbilia kwingine, akaingia kwenye zizi nililomtegea adui yake. Na pembeni yake lilisimama lile jike jekundu la Gamaya na ndama wake!

Damu ilirudi usoni kwa Lufunga. Alicheka. Alicheka, nawaambieni! Akawageukia watu akasema, "Si niliwaambia nyie? Mwizi ni huyu huyu miaka yote!"

Hakuna aliyeuliza swali. Wangeuliza nini? Mtu aliyekwisha kamatwa mara zote zile, kamba mkononi, mali ya Gamaya ubavuni. Hata hakimu msomi asingeuliza.

Nilijipenyeza katikati yao nikapiga kelele, "Ni mimi! Jike jekundu nimelileta mimi! Nyayo mlizofuata nimeziweka mimi!" Nilimshika mmoja shati, akatazama kando. Nilimshika mwingine, akatazama mbinguni. Nilipiga magoti mbele ya Gamaya, nikamwambia nilitumia magadi, nikafungua kiganja kumwonyesha vumbi lake. Alinipita kama kisiki. Nilikuwa nimetengwa! Sheria iliwakataza kunijibu, na wale wanaume waliitii sheria yao wakati mume wangu anakufa. Mwano wangu waliupokea, maneno yangu hawakuyasikia.

Aliyenijibu ni mmoja tu. Masele alikuwa ameanguka chini tayari kwa fimbo zao. Alinitazama kwa lile jicho lililokuwa bado linaona, akasema, "Mama Shija, nyamaza. Usijitie kwenye mambo yangu. Nenda kwa mtoto."

Alidhani nadanganya ili nimwokoe... Alikufa pale pale kwenye samadi ya Lufunga, akiamini kwamba mke wake alikuwa tayari kujisingizia kwa ajili ya mapenzi. Hakujua kwamba mwano uliomletea kifo nilipiga mimi!

Kaburi alichimbiwa na Mama Esperansi na watu wa kwaya ya kanisa lake. Polisi walikuja, wakauliza nani alimpiga, wakaambiwa wananchi wenye hasira. Wakaandika, wakaondoka.

Siku iliyofuata Lufunga alikuja kwangu. Nyuma yake walikuwa wanawake wote wa kijiji na vikapu vya unga, na mtu mmoja anavuta mbuzi. Alisimama uani, akavua kofia, akaniamkia kwa lugha yetu, "Ng'wangaluka, shemeji." Na wanawake wote wakasema, "Ng'wangaluka!" Akanieleza kwamba mambo yamekwisha, aliyekuwa akiharibu kijiji ameondoka, na kuanzia siku hiyo mimi ni mwenzao tena. Nikitaka moto niende, nikitaka maji nichote na wenzangu.

Nilikuwa nimeiota salamu ile usiku na mchana tangu tulipotengwa. Mdomo wangu ulitaka kuitika wenyewe! Niliuma ulimi mpaka nikaonja damu, nikaingia ndani, nikambeba Shija na sufuria yangu, nikapita katikati yao bila kumtazama mtu. Safari hii mimi ndiye niliyewatenga. Nilivuka kijito na sijarudi.

Msiniulize kama nimemsamehe Lufunga. Sijamsamehe, na siombi nisaidiwe kumsamehe. Nasikia mdogo wake Ndaki naye anafundishwa kusoma nyayo. Haya, na asome! Kila jioni nawataja wote wawili kwa Mungu, na siwatakii mema.

Lakini nyie wenzangu, nawasihi msipite nilipopita. Mlio na vyeo vya kukamata watu, kijana akirudi kutoka mahabusu msimfuate kila kuku anapopotea. Mtamfundisha wizi nyie wenyewe, halafu mtamwua kwa kuujua. Na nyie mnaotafuta kulipiza, nawajua, najua mnavyolala macho. Kisasi nilikipanga vizuri sana, na Lufunga hajapata hata mkwaruzo. Kama kuna mtu unamchukia kama ninavyomchukia yule, basi kabla hujanyanyua mguu mwambie unayelala naye kitanda kimoja, mwambie wazi unataka kufanya nini, na umwulize naye anataka kufanya nini. Mimi asubuhi ile nilimuaga mume wangu mlangoni, nikamwambia akipata kibarua arudi na sabuni.